Profesa Kabudi: Kutoka Makinikia hadi Mahakama ya Arusha



Katika semina hii hapa Isaka sina haja ya kueleza makinikia ni nini. Mgodi wa Bulyanhulu uko katika halmashauri yetu hii hii ya Msalala, na mchanga ule wenye dhahabu, shaba na fedha tuliujua kabla nchi nzima haijausikia. Machi 2017 Rais Magufuli alipiga marufuku kuusafirisha nje, makontena 277 yakakwama bandarini Dar es Salaam. Aliyekuja kuongoza mazungumzo na kampuni ya madini ya Barrick ni mwalimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Palamagamba Kabudi, wakati huo Waziri wa Katiba na Sheria.

Wapo wanaomwita mzalendo, na wapo wanaosema siasa imeimeza elimu yake. Mimi nampima kwa mambo mawili.

La kwanza ni Sheria Na. 5 ya 2017, ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili, iliyopitishwa akiwa waziri huyo. Mizizi yake iko katika Azimio 1803 la Umoja wa Mataifa la 1962, linalotambua mamlaka ya kudumu ya wananchi juu ya maliasili zao. Sheria hiyo ikakataza migogoro ya maliasili kupelekwa mahakama za nje. Januari 2020 ikasainiwa mikataba ya Twiga, kampuni ya ubia wa serikali na Barrick: serikali kupata hisa za asilimia 16, faida za kiuchumi nusu kwa nusu, na Barrick kulipa dola milioni 300. Kwa hilo nampa haki yake. Hata hivyo, katazo halikufua dafu mbele ya mikataba ya uwekezaji tuliyokwisha kusaini. Kampuni ya Indiana, iliyofutiwa leseni kule Ntaka Hill, Nachingwea, ilitumia mkataba wetu na Uingereza kwenda kwenye usuluhishi wa Benki ya Dunia. Julai 2023 ikashinda zaidi ya dola milioni 109.

La pili ndilo linaloniuma. Novemba 14, 2019, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, Profesa alisaini notisi ya kuondoa ruhusa ya mtu binafsi na asasi kuishtaki Tanzania moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Serikali ilidai tamko lake la kutoa ruhusa hiyo lilikuwa likitekelezwa kinyume na masharti iliyoweka. Baada ya mwaka mmoja ruhusa ikakoma. Na aliyesaini ni msomi ambaye udaktari wake aliufanya Ujerumani juu ya haki za binadamu katika Tanzania, Kenya na Uganda!

Tazameni tulipofikia. Mwenye mtaji bado anatushtaki nje na kulipwa. Mchimbaji mdogo wa Kakola akishindwa Mahakama ya Rufani, hata Arusha hapokelewi, ingawa azimio lile lilisema utajiri huu ni wake.

Napendekeza semina hii iwaandikie wabunge wetu ombi moja tu: tamko la Arusha lirudishwe.