Kabla Hujalipia Nyumba, Mpeleke Fundi Anayeijua

Msikilizaji wa Kibondo na Kasulu, unataka kununua nyumba? Rangi mpya isikudanganye. Tafuta fundi asiye na maslahi na muuzaji, umlipe mwenyewe, na umuulize: umeshajenga nyumba za aina hii?

Nyumba ya tofali mbichi huliwa na maji kuanzia chini. Akague msingi, na kama paa limetokeza vya kutosha kukinga ukuta.

Tofali za kuchoma zina mtego: mara nyingi huunganishwa kwa udongo, kisha hufunikwa kwa lipu ya saruji. Mahali pasipo na lipu, akwangue kiungo cha tofali kwa msumari. Kikimomonyoka, ni udongo. Si lazima uikimbie nyumba hiyo, ila bei ishuke.

Kwenye tofali za saruji, atafute nyufa za mshazari kwenye kona za madirisha, na kama linta imezunguka nyumba nzima. Linta hiyo husaidia kuta kuhimili tetemeko: lile la Kagera la Septemba 10, 2016 liliangusha nyumba nyingi, na mkoa wetu wa Kigoma nao umo kwenye Bonde la Ufa.

Kwenye nyumba zote, apande darini aangalie mchwa kwenye kenchi. Mvua ikinyesha, rudini tena: paa linalovuja halijifichi. Ndipo uandikishane na muuzaji.