Kadi ya Maelezo: Kiswahili cha Makumbusho na Vyombo vya Singida

Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam yalifunguliwa mwaka 1940 yakiwa na jina la Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo, kilifuata mwaka 1967, na leo mtaa mzima na kituo chake cha daladala huitwa Makumbusho, hata na abiria ambao hawajawahi kuingia getini. Taasisi zenye umri wa namna hii hufikia siku ya kuadhimisha miaka yake, na desturi iliyoenea duniani ni kuadhimisha kwa onyesho la sanaa ya kisasa: michoro, vinyago, nguo, samani na vyombo. Maandalizi yake aghalabu hujadiliwa kama suala la fedha. Mhadhara huu unayatazama kama suala la lugha. Kila kitu kinachoingia ukumbini huingia na kadi ya maelezo, na kadi hiyo humwamulia mtazamaji iwapo kilicho mbele yake ni kazi ya msanii au ni kifaa cha kabila.

Ichukuliwe kadi ya kawaida, ya aina ambayo kila mtembeleaji wa makumbusho ameisoma: “Kibuyu. Wanyaturu, Singida. Kilitumika kuhifadhia maziwa.” Sentensi ni fupi na haina kosa la sarufi. Hata hivyo inasema mambo mawili yasiyo ya kweli. Kiambishi -li- kinakitia kibuyu katika wakati uliopita, ilhali katika vijiji vya Singida maziwa bado hugandishwa katika vibuyu. Kiambishi hu- kingetosha: “hutumika”. Pili, kitenzi kinaeleza matumizi tu. Hakuna kitenzi cha kutengeneza, na kwa hiyo hakuna mahali pa kumweka mtengenezaji. Aliyekichagua kibuyu shambani, akakikausha, akakikwangua ndani na kukishona kilipopasuka, ameondolewa kabla hajatajwa. Ukuta wa pili wa ukumbi huohuo mchoro wa rangi hupewa jina la mchoraji, jina la kazi, mwaka na aina ya rangi. Kadi hizo mbili zimeandikwa kwa lugha moja, lakini hazina sarufi moja.

Je, mgawanyo huo umetoka katika Kiswahili? Ushahidi wa maneno hauelekei huko. Neno “sanaa”, lenye asili ya Kiarabu, lilikuja na maana ya kazi ya mikono na ustadi wa kuifanya. Seremala, mfinyanzi na mfua vyuma wote walikuwa na sanaa zao. Kulibana neno hilo ndani ya fremu ya picha ni jambo la juzi. (Kwamba “usanii” umekuwa pia jina la ulaghai katika mazungumzo ya mitaani ni habari nyingine, ingawa wachoraji wana haki ya kulalamika.) Kwa upande wa kusanifu vitu vya matumizi, Kiswahili kimegawa kazi: “usanifu” umekwenda kwa majengo, “ubunifu” kwa mavazi, na “fundi” amebaki kuwa anayebuni na kutengeneza kwa wakati mmoja. Neno hili la mwisho ndilo lenye manufaa zaidi kwa makumbusho, nalo ndilo adimu kwenye kadi.

Historia ya maonyesho makubwa inaonyesha kwamba jina la mtu ndilo mpaka wenyewe. Mwaka 1960 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York ilinunua mchoro wa Sam Ntiro wa mwaka 1956, unaoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, aliingia humo kwa jina lake. Mwaka 1984 taasisi hiyohiyo ilifanya onyesho lililoweka vinyago vya Afrika na Oseania karibu na kazi za Picasso na wenzake. Kazi za Wazungu zilikuwa na majina na miaka. Vinyago vilikuwa na majina ya makabila, bila tarehe. Wahakiki walilipinga jambo hilo kwa ukali, nao walikuwa na haki.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomi wa Kiswahili ni onyesho la vinyago vya Tanzania la mwaka 1994 mjini Berlin na baadaye München. Katalogi yake ilichapishwa kwa Kijerumani na Kiswahili, na upande wa Kiswahili ulitumia neno “mabingwa” kwa wachongaji. Ni chaguo zuri, kwa kuwa bingwa ni mtu, si kabila. Lakini wengi wa mabingwa hao hawana majina, kwa sababu walioviokota au kuvinunua vinyago hivyo zama za ukoloni hawakuuliza. Lugha ilifungua mlango, na kumbukumbu zikakosa wa kuingia. Yupo pia aliyepatwa na kinyume chake: Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, jina lake limegeuka kuwa jina la mtindo, na wachoraji waliomfuata hufichwa nyuma yake.

Kwa Singida hasara haiishii kwenye vibuyu. Tembe, nyumba ya paa bapa inayojulikana katika kanda yote ya kati, ni usanifu uliokokotolewa vizuri. Uzito wa paa la udongo hubebwa na nguzo na mihimili, si kuta. Kwa hiyo ukuta ukimomonyoka hukandikwa upya bila paa kuanguka. Miti mirefu haihitajiki. Ndani hubaki na ubaridi mchana, na juu ya paa nafaka huanikwa. Mtaalamu wa majengo akieleza hivyo kuhusu nyumba ya zege, kadi itasema “usanifu”. Kwa tembe husema “nyumba ya jadi”, na maelezo hukoma hapo. Mabati yanavyozidi kuenea, wanaojua kuipanga mihimili hiyo wanapungua, nao wangali hai wa kuulizwa majina.

Tena kuna kibatari cha bati, kilichokatwa na fundi wa sokoni kutoka kopo tupu. Si cha jadi, kwa kuwa kopo lilitoka kiwandani. Si cha kisasa kwa maana ya ukumbini. Kwa istilahi zilizopo hakina pa kuwekwa, na kwa sababu hiyo tu huachwa nje.

Makumbusho ya Taifa yatatimiza miaka 100 mwaka 2040. Ikiwa vyombo vya Singida vitaonyeshwa siku hiyo, kadi iwe na kitenzi cha kutengeneza, jina la fundi baada ya “na”, mwaka, na kijiji. Pale ambapo jina halikuandikwa wakati wa kukusanya, iandikwe “jina halikuulizwa”, si “halijulikani”, kwani maneno hayo mawili hayana maana moja. Na jina la watu wenyewe liandikwe kama wanavyojiita: Warimi, jina ambalo hata ofisa wa Kijerumani von Sick, alipoandika habari zao mwaka 1915, aliliweka kwenye mabano baada ya “Wanyaturu”.