Si Kila Apepesukaye Amelewa

(Mazungumzo na walimu na watumishi wa Serikali, Songea)



Mkoa wetu wa Ruvuma unasifika kwa mahindi. Lakini mahindi hayo hayo ndiyo yapikwayo komoni, na wapo wenzetu ambao komoni imekuwa kwao chai ya asubuhi na chakula cha jioni. Leo sikusudii kuwalaani. Nataka tuzungumzie njaa iliyojificha ndani ya ulevi.

Ubongo, mishipa ya fahamu na moyo huhitaji vitamini B1, na akiba yake mwilini ni ya wiki mbili tatu tu. Mlevi huikosa kwa njia tatu: hali chakula cha kutosha, pombe hulizuia tumbo lisiifyonze, na ini lililoharibika hushindwa kuihifadhi. Hata akila ugali wa sembe, sehemu kubwa ya vitamini hiyo imekwisha kubaki mashineni pamoja na pumba na kiini.

Mwaka 1881 daktari Mjerumani, Carl Wernicke, alieleza ugonjwa wa kuchanganyikiwa, macho kuchezacheza na miguu kupepesuka. Mwaka 1887 Mrusi, Sergei Korsakoff, alianza kueleza wagonjwa waliopoteza kumbukumbu. Wengine hujaza pengo hilo kwa visa visivyotokea, nao wakiviamini. Leo yajulikana kuwa mzizi wa yote mawili ni upungufu wa vitamini B1.

Hapa ndipo penye hatari. Tukimwona mtu huyo njiani twacheka, twasema, “Mwacheni alale, zitamtoka.” Kumbe pombe imekwisha kumtoka, kinachomyumbisha ni ubongo unaoharibika. Akiwahiwa kwa sindano za vitamini B1, aweza kupona. Akicheleweshwa, hufa, au hubaki asiyekumbuka jambo la jana.

Wajibu wetu ni upi? Mwalimu mwenzetu mnywaji akianza kusahau somo alilofundisha jana, barua ya onyo isitangulie hospitali. Tumpeleke, na tumweleze daktari wazi kwamba ni mnywaji, ili vitamini isichelewe, hasa anapotundikiwa dripu ya sukari, kwani sukari humaliza akiba iliyobaki. Aliyezoea kunywa kila siku tusimkatize ghafla nyumbani. Aweza kupatwa na degedege. Na nyumbani kwake kuwe na dona, maharage na karanga, ingawa chakula pekee hakitamponya aliyekwisha kuugua.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Tusimfichie mwenzetu maradhi kwa kuyaita ulevi.