Nyumba Nadhifu kwa Gharama Ndogo: Mazungumzo kwa Wanachama Kabla ya Sikukuu za Mwisho wa Mwaka



Katika miteremko ya Kilimanjaro uchumaji wa kahawa huanza yapata mwezi wa Julai na kuendelea hadi Desemba kwenye sehemu za juu. Kwa hiyo fedha za kahawa huingia nyumbani wakati uleule ambapo sikukuu zinakaribia, watoto waliotawanyika mijini wanarejea, na kila kaya inatamani kuonekana imetengenea. Desemba hula, Januari hudai sare, madaftari na michango. Baina ya miezi hiyo miwili ndipo mkulima hujikuta amekopa kwa mlanguzi kwa kuweka rehani kahawa ambayo bado ni ua mtini. Si haba sehemu ya deni hilo huwa imekwenda kwenye mapambo ya karatasi za kung'aa ambazo hazifiki mwaka mpya.

Nyumba nyingi hazikosi vyombo; hukosa mahali pa vyombo. Ubao mmoja ulioning'inizwa kwa kamba za mkonge kutoka kwenye boriti ni rafu ambayo mchwa hawaifikii kwa urahisi. Gunia kuukuu likikatwa na kushonwa mifuko, kisha kutundikwa ukutani, hupokea vijiko, visu, sabuni na viatu vya watoto. Gunia linalozungumzwa hapa ni la nyumbani. Lenye alama ya chama ni mali ya chama, wala halihesabiwi kuwa limechakaa kwa sababu tu limelala kwa mwanachama miezi mitatu.

Lakini kitu kinachostahili mahali pake kuliko vyote ni karatasi. Stakabadhi ya mizani ndiyo ushahidi wa mwanachama. Malipo ya awali yakifuatwa na majalizo, na kilo zilizo katika leja zikahitilafiana na zile anazozikumbuka yeye, kumbukumbu haitoshi. Hata hivyo stakabadhi huchomekwa kwenye paa juu ya meko, zikafifia kwa moshi. Huwekwa chini ya godoro, zikaliwa na panya. Au mtoto huzifanya jalada la daftari. Kopo la biskuti lenye kifuniko linatosha. Stakabadhi za msimu mmoja zifungwe pamoja kwa uzi, namba na kilo zake zinakiliwe katika daftari, na kopo likae mbali na moto na unyevu. Mwanachama aende nalo chamani kulinganisha hesabu kabla ya mkutano mkuu, si baada yake.

Tena mahali hapo pajulikane na watu wawili. Mjane anayefika chamani mikono mitupu, akiwa na hakika kwamba marehemu alipeleka kahawa lakini hajui ni kilo ngapi wala karatasi ziko wapi, ni jambo la kusikitisha, na halimhusu karani peke yake. Mume aliyekuwa akificha stakabadhi ili mkewe asijue mapato hakumficha mkewe tu. Alizificha haki za watoto wake. Wakati wa kupanga nyumba kwa ajili ya sikukuu, watu wa nyumba moja wakae, wafungue kopo, na watazame pia kama jina la mrithi aliyeandikwa chamani lingali ndilo.

Baada ya hapo kuta. Chokaa ni rahisi kuliko rangi ya dukani, nayo hung'arisha chumba chenye dirisha dogo. Chokaa ambayo haijazimwa hutiwa katika maji kidogo kidogo, katika chombo cha chuma. Maji hayamwagwi juu yake, kwani huchemka na kuruka machoni. Watoto wakae mbali. Ikiisha kupoa huchujwa kwa kitambaa, na konzi ya chumvi hupunguza kuambukiza nguo. Ukuta hufagiwa, hunyunyiziwa maji, kisha hupakwa mara mbili kwa wepesi. Tabaka moja nene hubanduka.

Mapambo yenyewe hayahitaji safari ya mjini. Majani makavu ya migomba husukwa mikeka midogo na mashada. Karatasi za kalenda iliyokwisha hukatwa vipande na kuunganishwa kuwa minyororo kwa gundi ya uji mzito wa unga wa ngano. Tawi la kijani hupatikana ua unapopunguzwa, bila kukata mti. Jani la sale nalo ni zuri mlangoni, ila anayelitumia akumbuke kwamba kwa Wachagga ni jani la kuomba radhi na la kuonyesha mpaka. Ndugu wawili wanaogombea kihamba wakilitundika kila mmoja mlangoni mwake, wageni watakuwa na la kusema.

Vitu vyote hivyo ni vikavu na hushika moto upesi. Visitundikwe karibu na kibatari au mshumaa, wala juu ya mlango ulio wa pekee wa kutokea. Sikukuu zikipita, majani ya migomba yarudishwe shambani kufunika udongo chini ya mibuni, na chokaa iliyobaki ipakwe kwenye kuta za choo, ambazo kwa kawaida husahauliwa.