UVIMBE USIOUMA: USIUFICHE, USIUKATE

(Mazungumzo na jumuiya ndogo ndogo za Kikristo baada ya Misa)



Wapendwa, leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalificha chini ya nguo: uvimbe laini unaoota chini ya ngozi. Mara nyingi ni mafuta ya mwili yaliyojikusanya kwenye kifuko chembamba. Madaktari huuita lipoma. Si kansa, hauambukizi, wala si kurogwa.

Kwanza nikiri kosa langu. Mzee mmoja wa jumuiya yetu, fundi wa jua kali, alikaa na uvimbe mgongoni miaka mingi. Aliamini ni kansa, na hata mkewe hakumwambia. Nilimsindikiza hospitali, ukatolewa, na maabara ikasema ni mafuta tu. Tulifurahi! Nikaenda kwa mkutano wa kina mama nikawaambia, "Msiogope, ni mafuta tu." Mama mmoja aliyenisikia alikuwa na uvimbe kwenye titi. Haukuwa unauma, basi akarudi nyumbani ametulia. Alipokuja kunionyesha, miezi minane ilikuwa imepita, na hayakuwa mafuta. Mpaka leo anatibiwa. Yeye hakunilaumu, lakini mimi najua nilisema nusu ya maneno. Leo naleta nusu ile nyingine.

Lipoma ikoje? Ni laini. Ukiibonyeza kwa kidole inateleza huku na huku. Kwa kawaida haiumi, na inakua polepole, kwa miaka. Hupatikana sana begani, mgongoni, shingoni, mikononi na mapajani, hasa kwa watu wa makamo. Kwa familia nyingine inarithiwa. Kukonda hakuiondoi, na kukandwa hakuiyeyushi. Kama ni ndogo na haikusumbui, daktari anaweza kukwambia uiache tu.

Sasa sikieni vizuri. Nenda upesi ukiona uvimbe ni mgumu, au hausogei, au unakua haraka, au unauma, au umepita sentimita 5, yaani karibu yai la kuku, au ulitolewa ukarudi. Uvimbe wo wote wa titi upimwe, hata kama ni laini, hata kama hauumi. Na zile tezi za shingo, kwapa na kinena zikivimba na zisiishe, huenda ikawa ni TB. TB haikai kwenye mapafu peke yake, na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kwa hivyo mtu asijipime mwenyewe kwa kidole nyumbani halafu aseme, "Yangu ni kama ya yule mzee."

Tena, tuache wembe. Wako wanaopasua uvimbe nyumbani, wengine wanaufunga kwa uzi au kuuchoma kwa dawa ya barabarani. Hapo unaweza kukata mshipa wa damu, ukapata usaha au pepopunda. Na kifuko kikibaki ndani, uvimbe unaweza kurudi.

Hospitali kazi yenyewe si ya kutisha. Kama lipoma ni ndogo, unadungwa sindano ya ganzi mahali pale pale, wewe uko macho. Daktari anapasua ngozi kidogo, anatoa ule uvimbe na kifuko chake, anashona. Wengi hurudi nyumbani siku ile ile, na nyuzi hutolewa baada ya wiki moja au mbili. Kovu litabaki. Kama makovu yako huwa yanafura na kuota, mwambie daktari kabla hajakata. Na muulize hivi: "Je, kitapelekwa maabara?" Usione haya kuuliza. Maabara ndiyo inayotoa jibu la hakika.

Pesa ndiyo inafanya wengi wakae nyumbani, najua. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, waangalie, wakuandikie barua kama inatakiwa. Hapa Eastlands tuko na Hospitali ya Mama Lucy Kibaki tangu 2011, si lazima kila jambo lianzie Kenyatta. NHIF ilikwisha, na tangu Oktoba 2024 ni SHA. Jiandikishe ukiwa mzima, usingoje ugonjwa. Na uliza gharama kabla ya siku ya kukatwa.

Ndugu zangu, naomba kila jumuiya ichague watu wawili, mama mmoja na baba mmoja, wa kumsindikiza mgonjwa. Yule mzee hakukosa matatu ya kumpeleka hospitali. Alikosa mtu wa kumwambia, "Twende."

Usiku wa leo, ukioga, jiangalie. Ukipata kitu, kesho sema na mtu.

Mungu awabariki.