Kuwauliza Wananchi Kabla ya Kusimamisha Nguzo: Mfano wa Kisiwa cha Prince Edward

(Matini kamili ya mazungumzo kwa watumishi wa umma na wananchi)



Mtu aliyezaliwa kisiwani hahitaji kuelezwa maana ya kivuko. Anajua kukaa bandarini na mzigo wake huku bahari imechafuka, anamjua mgonjwa aliyelazwa gatini akisubiri chombo, na anajua jinsi bei ya unga inavyopanda meli inapochelewa. Kwa sababu hiyo mazungumzo haya yanahusu kisiwa kingine, kilichoko mbali katika nchi ya baridi, ambacho watu wake waliishi na shida hiyo hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Shida yenyewe imekwisha kuondolewa kwa daraja la barabara kuu. Lililo muhimu kwa leo ni namna wananchi wa huko walivyoulizwa kabla ya daraja hilo kujengwa, walichojibu, na yaliyoyapata majibu yao.

Kisiwa hicho ni Prince Edward, jimbo dogo kuliko yote ya Kanada. Kinatenganishwa na bara na Mlango wa Bahari wa Northumberland, ambao katika sehemu yake nyembamba una upana wa kilomita 13 hivi. Kilipojiunga na Kanada mwaka 1873, masharti ya kujiunga yaliitaka Serikali Kuu igharimie usafiri wa meli za mvuke mwaka mzima, wakati wa joto na wakati wa baridi. Sharti hilo halikuwa jepesi, kwani kila mwaka wakati wa baridi mlango huo hujaa barafu. Mwaka 1965 kazi ya kutengeneza barabara za kuelekea kwenye kivuko cha kudumu ilianza, lakini mwaka 1969 mpango ukaachwa.

Katika miaka ya 1980 makampuni binafsi yaliipelekea Serikali ya Kanada mapendekezo mapya. Hapo ndipo viongozi wa kisiwa walipoamua kuwauliza wenyewe. Tarehe 18 Januari 1988 ilipigwa kura ya maoni. Swali lilikuwa fupi: je, mwananchi anakubali kisiwa kiunganishwe na bara kwa njia ya kudumu? Asilimia 59.4 ya waliopiga kura walikubali.

Ndugu Wananchi,

Wengi walikuwa wameshinda, na shughuli ingeweza kuishia hapo. Lakini katika kila watu kumi, wanne walikuwa wamekataa, na swali lenyewe halikusema lolote kuhusu umbo la njia hiyo, nguzo zake, gharama zake, wala ada ya kuvukia. Mwananchi alikuwa amekubali safari bila ya kuoneshwa chombo. Kwa hiyo mjadala haukumalizwa na kura, bali ndipo ulipopamba moto. Kundi moja la wananchi lilijipa jina la Marafiki wa Kisiwa, likapinga. Jengine lilijiita Wanakisiwa kwa Ajili ya Kesho Bora, likaunga mkono. Mkulima wa mbatata alitaka mazao yake yafike sokoni bila ya kupanga foleni gatini. Mfanyakazi wa meli ya kivuko aliona riziki yake inazama. Mvuvi naye alikuja na jambo ambalo halikuwa katika hesabu za wengi, nalo ni barafu.

Hoja ya mvuvi ilikuwa hivi. Kila majira ya kuchipua, barafu hukatika na kuchukuliwa na mkondo hadi bahari kuu. Ikiwekewa safu ya nguzo njiani, huenda ikakwama na ikachelewa kuondoka. Ikichelewa, msimu wa kambakoche nao huchelewa, na msimu wenyewe ni wa wiki chache tu. Wakulima wakaongeza kuwa bahari ikibaki na barafu, ardhi ya kandokando huchelewa kupata joto, na mbegu hukawia kupandwa. Wahenga wamenena, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jopo la tathmini ya mazingira lilipita likisikiliza wananchi hadharani, na mwaka 1990 likatoa ripoti yake. Jopo lilisema kwamba daraja kama lilivyopendekezwa lina hatari isiyokubalika, na barafu ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Inafaa ikumbukwe kwamba ripoti hiyo haikuipendeza Serikali iliyokuwa ikitaka daraja. Hata hivyo haikufungiwa kabatini. Iliundwa kamati huru ya mabingwa wa barafu, na hofu ya mvuvi ikapewa kipimo: nguzo zisiichelewesha barafu kuondoka kwa zaidi ya siku mbili, katika muda wa miaka 100. Kamati ikaona kwamba kipimo hicho kinaweza kufikiwa, na kila mkandarasi aliyetaka kazi akatakiwa athibitishe kwa hesabu kwamba mchoro wake unakifikia.

Daraja lililojengwa lina urefu wa kilomita 12.9. Katika sehemu yake kuu, nafasi kati ya nguzo na nguzo ni mita 250. Pale nguzo inapokutana na maji imevishwa umbo la pia, ili barafu inaposukumwa na mkondo ipande juu ya mteremko wake, ijipinde, na ikatike kwa uzito wake wenyewe. Msafiri anayepita juu ya gari haoni kitu hicho wala hakifikirii. Lakini aliyehudhuria mikutano ile akitazama chini anaiona hoja ya mvuvi, imesimama katika saruji.

Aidha, hata baada ya hapo wananchi hawakunyamazishwa. Marafiki wa Kisiwa walikwenda Mahakama ya Shirikisho, na mwezi wa Machi 1993 mahakama iliamua kwamba mchoro mahsusi uliochaguliwa lazima nao ufanyiwe tathmini ya mazingira, na kwamba ahadi ya meli iliyomo katika masharti ya mwaka 1873 haiwezi kuachwa bila ya kurekebisha Katiba. Tathmini ikafanywa, na Katiba ikarekebishwa. Mkataba ulitiwa saini Oktoba 1993, ukiwa pamoja na mfuko wa dola milioni 10 wa kuwafidia wavuvi. Daraja lilifunguliwa tarehe 31 Mei 1997, na meli za njia ile zikasita. Mamia ya wafanyakazi wake walipoteza kazi, na hilo halifai kufichwa katika kulisifu daraja.

Ndugu Watumishi wa Umma,

Liko jambo la pili katika kisa hiki, nalo ni kinyume cha la kwanza. Daraja lilipokaribia kukamilika wananchi waliombwa wapendekeze jina. Iliundwa kamati chini ya aliyekuwa Waziri Mkuu wa jimbo, Alex Campbell, na mapendekezo yakamiminika. Kamati ikapendekeza jina lenye neno Abegweit, ambalo asili yake ni lugha ya Wamikmaki, wenyeji wa kale wa kisiwa hicho. Mwaka 1996 Serikali Kuu ilitangaza jina jengine, Daraja la Shirikisho.

Kubadilisha jina kwenye kibao hakuhitaji hesabu za barafu wala mabingwa. Lilikuwa jambo jepesi kuliko yote yaliyoulizwa, na ndilo lililoachwa. Mwaka 2022, miaka 25 tangu daraja kufunguliwa, Baraza la Kutunga Sheria la kisiwa lilipitisha kwa kauli moja azimio la kuiomba Serikali Kuu ibadilishe jina, na jina lililoombwa ni lile lile la wenyeji, safari hii kwa matamshi yao wenyewe: Epekwitk. Mtu asiyeulizwa huenda akasahau. Aliyeulizwa kisha jibu lake likawekwa kando hasahau, na huwasimulia watoto wake.

Ada ya kuvukia nayo ilibaki kuwa malalamiko ya miaka mingi, hadi Agosti 2025 Serikali ya Kanada ilipoipunguza, kwa gari dogo, kutoka zaidi ya dola 50 hadi dola 20.

Mafunzo ya kisa hiki kwa kila ofisi yenye mchoro mezani, uwe wa daraja, wa barabara au wa gati, ni matatu.

Kwanza, wakati. Maoni yatakiwe wakati mchoro ungali penseli. Ukishapigwa muhuri, mkutano wa wananchi huwa ni wa kutangaza tu, na wananchi huutambua mara moja.

Pili, watu. Mkutano unaofanywa saa nne asubuhi katika ukumbi wa mjini humpata mwenye ofisi na humkosa mvuvi aliyeko baharini. Afuatwe pwani, wakati wa kurudi kwa vyombo, na aoneshwe mchoro kwa vipimo anavyovijua, yaani maji yakijaa yatafika wapi na yakipwa chombo chake kitapita wapi.

Tatu, jibu. Kila hoja iandikwe, na mwenye hoja arejeshewe habari. Ikikubaliwa, aoneshwe ilipo katika mchoro. Ikikataliwa, aelezwe sababu kwa lugha ya wazi. Mtu mzima huweza kuvumilia kukataliwa, lakini kupuuzwa ni vigumu kukuvumilia.

Kwa upande wao, wananchi nao wana wajibu. Anayeitwa kutoa maoni aende, na aseme analolijua kwa uhakika, kama walivyosema wavuvi wale habari za barafu. Hoja yao haikusikilizwa kwa sababu ilipigiwa kelele. Ilisikilizwa kwa sababu ilikuwa na ujuzi ndani yake, na waliopewa kazi ya kusikiliza walikubali kuipima.

Maji yakimwagika hayazoleki, na nguzo ikishasimama baharini haihamishwi. Muda wa kuulizana ni kabla.