Lugha ya Nyumbani na Lugha ya Kitabu: Maneno kwa Walimu wa Kiswahili wa Mombasa

Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya walimu wa Kiswahili wa madarasa ya kati, Kisiwani Mombasa. Tunayachapa kwa kuwa yawahusu wazazi pia.



Nimeombwa niseme juu ya mafunzo ya kusoma, kuandika na sarufi kwa watoto wa madarasa ya kati, yaani wale wa Gredi ya 7, ya 8 na ya 9. Jina la madarasa hayo limebadilika mara kadha wa kadha. Baada ya taarifa ya Beecher ya mwaka 1949, shule za Waafrika katika Kenya zilipangwa miaka 4 ya chini, miaka 4 ya kati na miaka 4 ya sekondari. Mwaka 1985 ukaja mpango wa 8-4-4, usio na jina la madarasa ya kati. Mwaka 2023 ndipo watoto wa kwanza wa mpango mpya walipoingia Gredi ya 7. Bali mtoto mwenyewe ni yule yule. Ana umri wa miaka 12 hadi 15. Herufi anazijua, sentensi anaweza kuiandika, na sasa yampasa asome apate maana, tena aandike aeleweke na mtu asiyemjua. Hapo ndipo wengi hukwama.

Sitayataja yote yanayofaa kutajwa. Nataka kukaa juu ya jambo moja linalotuhusu sisi wa kisiwa hiki kuliko walimu wa Nyeri au wa Kisumu, nalo ni kwamba mtoto wetu huja shuleni na Kiswahili chake mwenyewe, alichokipata kwa mama yake kabla hajamwona mwalimu.

Tazameni. Mtoto wa Mji wa Kale, akienda shule, huenda akapita Ndia Kuu. Jina hilo lajulikana na kila mtu, na limo hata katika ramani. Mtoto huyo akifika darasani akaandika, "Nalipita ndia ya nyuma ya soko," mwalimu humpigia mstari mwekundu chini ya neno ndia. Basi mtoto afikiri nini? Barabara ya mji wake imekosewa jina? Nyanya yake hajui Kiswahili? Mara nyingi hafikiri sana. Huchukua njia iliyo nyepesi, nayo ni kuandika machache, asije akakosea. Ndivyo tupatavyo insha ya nusu ukurasa kutoka kwa mtoto ambaye, akiwa barazani, husimulia kisa kimoja kwa robo saa bila kuchoka. Na mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9 humpima kwa karatasi, wala haumpimi kwa baraza.

Yafaa tukumbuke jambo hili lilianzaje, maana kuna kichekesho ndani yake. Wamisheni wa Mombasa, tangu siku za Krapf aliyefika hapa mwaka 1844, walikitumia Kimvita. Wenzao wa Unguja walikitumia Kiunguja. Mwaka 1928 ulifanywa mkutano wa kuchagua Kiswahili kimoja cha vitabu vya shule, na Kiunguja ndicho kilichochaguliwa. Mkutano huo ulifanywa papa hapa Mombasa. Kamati ya Lugha iliyosimamia kazi hiyo ilianza mwaka 1930. Mimi si katika wale wanaotaka kuufungua upya mjadala huo. Mtoto wa Kakamega na mtoto wa Kigoma wasome kitabu kimoja. Hilo lina faida kubwa. Lakini kuchagua lugha ya kitabu si kuihukumu lugha ya nyumbani kuwa ni kosa. Kosa ni jambo lisilo na kanuni, na Kimvita kina kanuni zake.

Kanuni hiyo ndiyo mali ya mwalimu, na ataka aitumie mapema, katika juma la kwanza la muhula. Awape watoto ubao uliogawanywa mafungu mawili, upande mmoja Nyumbani, na wa pili Kitabuni. Waseme wenyewe. Nyumbani ni mato, kitabuni ni macho. Kitwa ni kichwa. Mtanga ni mchanga. Mtele ni mchele. Mtuzi ni mchuzi. Kufita ni kuficha. Kisha fungu lingine: ndia ni njia, ndaa ni njaa, nde ni nje, kuvunda ni kuvunja. Na neno kutinda, ambalo kitabuni ni kuchinja, lina mabadiliko yote mawili ndani yake; watoto hulipenda sana. Mwalimu asiseme kitu. Baada ya maneno kumi hivi, mtoto mmoja atanyanyua mkono aseme kwamba palipo na "t" nyumbani pana "ch" kitabuni, na palipo na "nd" pana "nj". Amegundua kanuni ya sarufi kwa akili yake, na hataisahau.

Lakini mwalimu asifunge kitabu hapo, maana hapo ndipo hatari ilipo. Mtoto aliyekwisha kuonwa mkosaji huwa na hofu, naye hugeuza kila kitu. Ataandika kwamba amemtembelea njugu yake, akimaanisha ndugu. Ataandika kwamba dada yake ameenda kisimani kucheka maji. Mwembe ulio uani kwao utakuwa mchi mkubwa wenye matawi. Kwa hiyo kipindi cha pili kiwe cha maneno yasiyogeuka: ndugu, ndege, ndizi, ndani, mtu, mti, mtoto, tano. Na hapa mtoto wa Mji wa Kale ana msaada asioujua. Sikio lake husikia "t" mbili. Kuteka kwa kinywa, yaani kucheka, na kuteka maji, kwake si sauti moja. Katika ile ya kwanza ulimi hugusa meno, katika ya pili hugusa ufizi. Ndivyo ilivyo kwa ndoo ya kuitana na ndoo ya maji. Ile ya menoni ndiyo igeukayo. Alfabeti yetu haikupewa alama ya tofauti hii, basi mwalimu asiitafute ubaoni. Awaambie watoto watamke polepole na kusikiliza mahali ulimi ulipo. Mwalimu aliyezaliwa bara huenda asiisikie tofauti hiyo mwenyewe. Si aibu, na awaulize watoto.

Nimetaja bara, na hili lataka maneno. Darasa la kisiwani leo si la watoto wa Kibokoni na Kuze peke yao. Wamo wa Kigiriama, wa Kikamba, wa Kitaita, wa Kijaluo, na wengine ambao Kiswahili wamekipata kwa mwalimu na barabarani tu. Hao huandika njia na mchele bila taabu, kwa kuwa hawajui neno jingine. Taabu yao iko kwingine: kiti yangu imevunjika, watoto mingi wamekuja. Na wapo ambao mahali na mahari kwao ni neno moja, jambo liwezalo kuleta mgogoro siku ya posa. Mtoto wa Mji wa Kale hawezi kusema kiti yangu. Ulimi wake hukataa. Waketisheni basi wawili wawili, huyu na yule, wasomeane kazi zao kwa sauti ya chini kabla hawajampa mwalimu. Mmoja atasikia upatanisho uliovunjika, wa pili ataona neno la nyumbani lililopita bila ruhusa. Kila mmoja ana cha kumfunza mwenzake, na hakuna anayeketi akiwa mjinga wa darasa. Kwa kipindi cha dakika 40 chenye watoto wengi, sijui njia nyingine ambayo kila daftari hupata msomaji siku ile ile.

Nije kwenye kuandika. Kazi ninayoipendekeza kuliko zote ni ile ya kuandika mara mbili. Mtoto amwulize mzee wa nyumbani jinsi jambo fulani linavyofanywa: kupika, kushona kofia, kutengeneza mtego wa samaki. Aandike maneno kama yalivyosemwa. Nyanya akisema, "Pepeta mtele, utoe mtanga, kisha uufite, kuku wasiufikie," aandike hivyo hivyo. Siku ya pili aandike maelezo hayo kwa mtu wa Eldoret asiyewahi kuonana na nyanya: "Pepeta mchele, utoe mchanga, kisha uufiche ili kuku wasiufikie." Kwanza mtoto atabadili maneno. Kisha ataona kwamba kuna mambo nyanya hakuyasema kwa sababu yalikuwa mbele ya macho: mchele kiasi gani? Unapepetwa kwa nini? Atalazimika kuuliza tena. Hiyo ndiyo maana ya kumwandikia mtu asiyekujua, na hakuna somo la ubaoni linaloifunza vizuri zaidi.

Katika hadithi, mruhusuni atie maneno ya nyumbani ndani ya alama za kunukuu, watu wanaposema. Nje ya alama hizo, kitabu ndicho mtawala. Mtajionea jinsi watoto watakavyojifunza kuzitumia alama za kunukuu upesi, kwa kuwa sasa zina kazi.

Juu ya kusoma nitasema kwa ufupi. Watoto wetu wengi wamepitia chuoni, na huko wamezoea kusoma mbele ya mwalimu anayesikiliza kila herufi. Mazoea hayo ni mema, na ndiyo sababu huwasikia wakisoma kwa sauti safi. Lakini usafi wa sauti si dalili ya kufahamu. Sentensi hii ni fupi: "Mama alipoona wingu jeusi juu ya bahari alitoka mbio akaanua nguo." Ukiuliza mama alifanya nini, mtoto hunakili. Uliza kwa nini alikimbia. Mvua haikutajwa, wala jibu halimo katika maneno. Limo katika kichwa cha msomaji. Katika kila maswali matano, mawili yawe ya namna hiyo.

Na shairi lisiachwe hadi mwisho wa muhula. Mji huu ni mji wa Muyaka bin Haji, aliyeishi hadi karibu mwaka 1840, ambaye mashairi yake yalihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, yakapigwa chapa na William Hichens mwaka 1940. Ni Kimvita kitupu, na kila mwanachuoni wa Kiswahili duniani huyasoma. Mtoto na alijue hilo. Lakini shairi lina faida nyingine ya kila siku. Mtoto akihesabu mizani nane na nane kwa vidole, hujifunza silabi. Mtu ni mizani miwili, kwa kuwa "m" husimama peke yake. Mwana nayo ni miwili, kwa kuwa "mwa" ni pumzi moja. Anayejua hivyo hataandika tena muanafunzi.

Ngeli nazo zisiwe wimbo wa kukariri. Zile za mahali huwashinda wengi vitabuni, hali mjini zipo kila pembe. Marikiti pamejaa watu: nimesimama napaona, ni pale pale. Marikiti kumejaa watu: ni upande ule, nimesikia habari zake. Marikiti mmejaa watu: ni ndani, baina ya meza za viungo. Watoto wamwelekeze mgeni kwa maandishi kutoka Marikiti hadi Fort Jesus, na kila mahali watumie pa, ku au mu kwa makusudi. Atakayekosea, mgeni wake atapotea, na darasa litacheka bila mwalimu kukunja uso.

Yabaki masahihisho. Kalamu nyekundu iwe ya kosa: upatanisho, tahajia, sentensi isiyo na kichwa. Neno la nyumbani lipigwe mstari kwa penseli, na pembeni mtoto mwenyewe aandike neno la kitabu. Katika muhula wa kwanza na wa pili wa Gredi ya 7 neno hilo lisimpunguzie alama. Kuanzia muhula wa tatu limpunguzie, na aambiwe mapema, kwa kuwa msahihishaji wa mtihani hatakuwa na penseli. Najua wako wasemao kwamba huku ni kumdekeza mtoto. Nawaomba wapime daftari mbili kwa urefu tu, la Januari na la Julai, kisha tuzungumze.

Anayetaka kuanza na aanze juma hili na kazi ya nyanya. Wazee wapelekewe habari mapema kwa barua fupi, na watoto waagizwe waulize baada ya alasiri. Atakayekwenda na daftari wakati chungu kiko motoni hatajibiwa.